Kwenye The Hazards of Love, nani hasa kawazamisha William na Margaret?

#1 Ngoma Nzito
Wakuu, habari za saa hizi. Nina ubishi na shemeji yangu, umefika mahali hatupokeleani simu vizuri. Unahusu albamu ya The Decemberists, wale jamaa wa Portland, Oregon. Inaitwa The Hazards of Love, ilitoka 2009. Nyimbo 17, hadithi moja tangu mwanzo hadi mwisho, wimbo mmoja unamwagikia kwenye mwingine.

Kwa ambao hawajaisikia: Margaret katoka kutembea na farasi wake, anamkuta mtoto wa paa, mweupe, kaumia miguu ya nyuma. Anashuka amtengeneze. Msitu unabadilika ghafla, na paa anageuka kijana, jina lake William. Yaliyofuata mnayajua wenyewe, binti karudi kwao na mimba. Kumbe William ni mtoto wa kuokotwa, kalelewa na Malkia wa msitu, na Malkia hataki kusikia habari ya mkwe. Kijana anamwomba mama yake usiku mmoja tu na Margaret, asubuhi arudi awe wake. Mama anakubali. Anazuka Rake, mhuni mmoja mjane aliyewaua wanawe mwenyewe, anamteka Margaret. Malkia anamvusha mto. William anafika ukingoni, maji yamejaa, anauambia mto: nipishe sasa, nikirudi chukua mifupa yangu. Anapita, anamkomboa, wanarudi, wanazama wote wawili.

Nani kawazamisha? Mimi nasema Malkia. Shemeji anasema mto umechukua chake tu. Haya.

#2 Mpenda Bure
Nilivyoanza kusoma nikajua ni tamthilia ya Kifilipino. Mama mkwe mkorofi, mimba, utekaji, mto. Bado tu binti kupoteza kumbukumbu.

#3 Wakili wa Mtaani
Nianze na makubaliano. Kijana anaomba usiku mmoja, mama anakubali na kutamka wazi kwamba hapo deni limekwisha. Kabla kijana hajafaidi hata alichopewa, huyohuyo mama anamsaidia mtekaji. Huwezi kumpangisha mtu chumba halafu ukamtumia kibaka wa kumvunjia mlango. Makubaliano yalivunjwa na Malkia, kwa hiyo kila kilichofuata, pamoja na ile ahadi ya mtoni, kiko mabegani mwake. Asingemvusha Rake, William asingekuwa na haja ya kuuahidi mto kitu chochote.

Namuunga mkono mleta uzi.

#4 Bi Santuri
Wakili, punguza kasi. Malkia hakumtuma Rake. Sikiliza The Queen's Rebuke/The Crossing taratibu. Anamkuta mhuni tayari ana binti mikononi, kakwama ukingoni. Anamwambia umeniondolea kishawishi kilichokuwa kinamsumbua mwanangu, mto una kina na maji ni makali, basi nitakurusha hadi ng'ambo. Amerushwa, hajapita majini. Ukisema "kamtumia kibaka" unaongeza lako. Kosa lake ni la kusaidia baada ya tukio.

Na kuna ushahidi mnaourukia wote. Kwenye wimbo wa Annan Water, pale anapouomba mto, William mwenyewe anasema mama yake alimlilia kwamba akijaribu kuvuka atazama. Mtu anayetaka kukuzamisha hakuonyi.

#5 Wakili wa Mtaani
@Bi Santuri kukuonya halafu akakuwekea sababu ya kuvuka, hiyo mimi naita mtego.

#6 Mama Wanne
Nyie wanaume mnamsema Malkia kama vile hamna mama. Nina watoto wanne, wa mwisho sikumzaa. Tulimpokea akiwa wa wiki chache, na kila jirani alikuwa na neno. Leo ana miaka kumi na tisa na kuna binti mmoja ananiamkia kwa kunyoosha mkono bila kuinama. Namuelewa Malkia vizuri sana.

Mtoto alikuwa katelekezwa, amewekwa kwenye kitanda cha udongo kama kaburi. Yeye ndiye aliyemtoa, akampa umbo la paa wakati wa mchana asidhurike. Halafu siku moja anakuja kuambiwa "naomba nikaishi". Kwani siku zote alikuwa anafanya nini? Lile gitaa zito linaloingia pale Malkia anapojibu, mimi nikiwa jikoni naacha mwiko.

Sisemi alifanya vizuri. Nasema hakutaka mwanawe afe. Hilo la kuzama msimpe.

#7 Mpenda Bure
Binti wa mkono ulionyooka, kama uko humu, kimbia. Usipite njia ya mtoni.

#8 Glasgow Kijiweni
Salaam kutoka kwenye baridi. Uzi mzuri, ila mnaijadili hadithi kama ilianzia 2009. Mifupa yake ni ya zamani. Colin Meloy, mtunzi na mwimbaji wao, ni mgonjwa wa nyimbo za kale za Uingereza na Scotland. Jina la albamu kalitoa kwenye santuri ndogo ya 1964 ya Anne Briggs, mwimbaji wa Kiingereza wa nyimbo hizo za kale. Santuri ile ina jina hilo lakini haina wimbo wenye jina hilo, basi yeye akaamua autunge. Akaanza na mmoja, ukazaa hadithi nzima. Kuna wakati aliiwaza iwe mchezo wa jukwaani, akaona haitasimama, ikabaki albamu ya roki.

Sasa tazameni Tam Lin, utenzi wa Scotland, namba 39 kati ya 305 alizokusanya Francis James Child. Msitu wa Carterhaugh, karibu na Selkirk. Kijana katekwa na malkia wa viumbe wa msituni. Binti anayeitwa Janet anaingia kule alikokatazwa, anapata mimba, kisha anaambiwa namna ya kumkomboa mpenzi wake: usiku wa kuamkia Watakatifu Wote amvute kutoka kwenye farasi na amkumbatie, hata akigeuzwa nyoka, hata akigeuzwa chuma cha moto, asimwachie. Janet hamwachii. Malkia anashindwa, anabaki kufoka.

Meloy kachukua viungo hivyohivyo akapindua chungu. Kwa hiyo jibu langu: wamezama kwa sababu huyu Malkia hajashindwa. Hakuna aliyemkumbatia William hadi mwisho.

#9 Koleo Jekundu
@Glasgow Kijiweni ahsante, na hapo umegusa kinachoniudhi kwenye albamu hii. Janet ndiye anayeokoa. Ana mimba na bado anasimama njia panda usiku wa manane kumsubiri malkia. Margaret kazi yake ni nini? Anatekwa, anamwita mpenzi wake, anasubiri. Wimbo mzima wa Margaret in Captivity. Mwanamke pekee mwenye nguvu ni yule mnayemwita mkorofi. Meloy alikuwa na mfano mzuri mezani akaufanya mwepesi.

Na usiniambie ni mambo ya zamani, maana ya zamani ndiyo iliyompa Janet misuli.

#10 Ngoma Nzito
@Koleo Jekundu lakini Margaret ndiye anayeingia msituni kwa hiari kumtafuta. Won't Want for Love, anaiamuru miti imfanyie kitanda. Huo nao ni uthubutu.

#11 Koleo Jekundu
Kuagiza kitanda cha matawi ndio uthubutu? Haya.

#12 Mvuvi wa Pangani
Mimi ni mtu wa chombo, nitazungumzia chombo. Wimbo wa mwisho, The Drowned, William anamwambia Margaret apange mawe kuzunguka tundu kabla hawajazama. Nimeusikiliza huo mstari nikasimamisha simu. Mawe?

Chombo kikitoboka unakalafati. Unasokota pamba, unailowesha mafuta, unaipigilia kwenye ufa kwa patasi na nyundo mpaka mbao zilie. Ukiwa katikati ya maji huna zana, unavua shati, unasokomeza, unakalia. Jiwe halizibi kitu, jiwe ni uzito. Wale watu walikuwa wanaongeza mzigo kwenye chombo kinachovuja.

Sitaki habari za malkia. Wamezamishwa na ujinga wa bara.

#13 Bi Santuri
Nimecheka peke yangu ofisini. Ila Mvuvi, chombo umekitoa wapi? Wakati wa kwenda anavuka na farasi. Anasema farasi wanatetemeka na kung'ata lijamu, na kwamba atavuka hata farasi wake akisombwa.

#14 Mvuvi wa Pangani
@Bi Santuri tundu la nini basi? Farasi ana tundu?

#15 Mpenda Bure
Mods msifunge huu uzi tafadhali.

#16 Muuguzi wa Zamu
Niko zamu ya usiku, wodi imetulia, nimesoma wote. Mimi nachangia kwenye watoto wa Rake, maana hawa mnawaruka.

Wapo watatu waliouawa: Charlotte kalishwa maua, Dawn kazamishwa kwenye beseni la kuogea, Isaiah alipigana akashindwa, akachomwa moto. Wa nne, Myfanwy, alikufa akizaliwa na mama yake akafa naye. Ua alilolishwa Charlotte ni foksigilavu, jina la kitaalamu Digitalis purpurea. Mmea huo si hadithi. Dawa ya moyo ya digoksini ni ndugu yake, inatokana na mimea ya jamii hiyo. Kipimo kikizidi, mgonjwa anaanza kichefuchefu na kutapika, wengine wanaona kila kitu kina umanjano, halafu mapigo ya moyo yanavurugika. Sasa sikilizeni Revenge!, Charlotte anarudi na kumwambia baba yake, baba sijisikii vizuri. Anaanza na kuumwa, kisha anagundua kashakufa. Mtunzi kaelewa sumu aliyoichagua.

Ila jambo langu ni hili. Dawn anasema maji yamefurika beseni yakafunika kila kitu. Anaanza yeye kwa maji, wanamaliza wapenzi kwa maji. Watoto wanarudi kwa maji na moto kumdai baba, na mto ukishafurika hauulizi nani mwema. Mimi naona mzuka wa Dawn ndio umefungulia bomba.

#17 Ngoma Nzito
Hii sijawahi kuiwaza. Nampigia shemeji sasa hivi.

#18 Glasgow Kijiweni
@Muuguzi wa Zamu nimeipenda lakini inakwama mahali pamoja. Mto ulikuwa umefurika kabla watoto hawajafufuka. Malkia na William wote wanalalamikia maji kwenye nyimbo za katikati, Revenge! inakuja baadaye.

#19 Muuguzi wa Zamu
Mzuka hauna saa ya ukutani.

#20 Dodoma Kavu
Naomba kuuliza, hadithi hii inatokea nchi gani? Margaret wanamwita "in the Taiga". Taiga si ile misitu ya baridi ya Urusi na Kanada? Sasa mto Annan uko Scotland. Najaribu kuchora ramani nashindwa.

#21 Glasgow Kijiweni
Hutaweza. Annan ni mto wa kweli, unaanzia vilima vya karibu na Moffat unateremka kusini hadi ghuba ya Solway. Nimesimama kwenye daraja pale mjini Annan, siku ile ulikuwa unapita kimya kama mtu anayetoka msikitini. Mvua ikipiga milimani ni habari nyingine. Kuna wimbo wa kale kabisa wa Annan Water, kijana anataka kumfikia mpenzi wake usiku, anazama. Jina Meloy kalichukua humo.

Halafu kwenye wimbo wa kwanza wa hadithi wanasema Margaret kapita ukuta wa Offa. Offa alikuwa mfalme wa Mercia karne ya 8, na tuta lake liko mpakani mwa England na Wales, mbali kabisa na Annan. Myfanwy ni jina la Kiwelisi. Juu yake kaweka taiga. Ni msitu wa kushonwa viraka.

#22 Dodoma Kavu
Kwa hiyo binti kapanda farasi Wales, kaumizwa Siberia, kafia Scotland. Nauli nani kalipa?

#23 Mkwezi wa Diani
Wazee, mimi nasimama na msitu. Malkia anajieleza mwenyewe: miguu yake ndiyo magogo, kichwa chake ndicho kilele cha miti, vidole vinafika kwenye majani. Si mwanamke anayeishi msituni. Ndiye msitu. Mkiendelea kumjadili kama mama mkwe mtapotea.

Kwetu kuna Kaya Kinondo, moja ya misitu mitakatifu ya makaya ya Wamijikenda iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO 2008. Huingii hivihivi. Unafungwa kaniki nyeusi, unaongozana na mwenyeji, hukati hata kijiti, hutoki na kitu mfukoni. Msitu umebaki umesimama katikati ya mahoteli kwa sababu ya masharti hayo. Sasa Margaret kaingia bila mwenyeji, kagusa kiumbe kisicho chake, katoka na mzigo tumboni. Kwa macho yangu mambo yalishaharibika kwenye wimbo wa pili.

#24 Koleo Jekundu
@Mkwezi wa Diani kusaidia mnyama aliyeumia ni kosa? Na kwa nini mwenye masharti awe Margaret peke yake? William naye hakuteleza juu ya paa la nyumba akamwangukia kwa bahati mbaya.

#25 Mkwezi wa Diani
Sijasema nafurahia. Nasema hivyo ndivyo misitu yenye wenyewe inavyohesabu.

#26 Mama Wanne
Hata mimi siafiki hapo. Ukisema Malkia ni miti tu unamwondolea uchungu. Mti hauulizi "hivi ndivyo unavyonilipa?"

#27 Mchana Kweupe
Nimechelewa. Nina nadharia ambayo nikiitoa nitapigwa mawe, lakini mawe hapa tumeambiwa ni uzito tu.

Sauti ya William ni ya nani? Colin Meloy. Sauti ya Rake ni ya nani? Colin Meloy huyohuyo. Margaret kapewa Becky Stark, Malkia kapewa Shara Worden. Bendi ilileta waimbaji wageni kwa ajili ya wanawake wawili, mbona hawakuleta mwanamume wa pili? Walikuwa na waimbaji Jim James na Robyn Hitchcock mkononi, wote wanasikika mahali fulani kwenye albamu.

Nasema Rake ni William wa baadaye. Mwanamume anayempa binti mimba porini, na mwanamume aliyechoshwa na watoto akawaua. Margaret anatekwa na mume aliye ndani ya mchumba wake. Kuzama kwao ni njia pekee ya William kutofika kuwa yule mwingine.

#28 Bi Santuri
Nadharia tamu, ila Meloy anaimba pia msimulizi. Je, msimulizi naye ni muuaji? Ni bendi yake, anaimba sehemu kubwa ya nyimbo zake siku zote.

#29 Mchana Kweupe
@Bi Santuri msimulizi ndiye wa kuogopwa kuliko wote.

#30 Ngoma Nzito
Shemeji kajibu. Anasema Mchana Kweupe apewe maji ya kunywa.

#31 Bando Limekata
Jamani mmenifanya niitafute. Naisikiliza kwenye simu lakini nyimbo zinakuja hovyohovyo. Nimeanza na mtu anayejisifu kuua watoto, nikafuatiwa na harusi majini, kisha matangazo ya mikopo. Sielewi kitu. Ni lazima niisikilize yote?

#32 Bi Santuri
Zima ile alama ya kuchanganya nyimbo, kama programu yako inaruhusu. Ni karibu saa moja kamili, jipange. Kwenye ziara ya 2009 walikuwa wanaipiga nzima bila kusimama, halafu mapumziko, ndipo nyimbo nyingine. Na kwenye The Rake's Song karibu kila mtu jukwaani alishika fimbo akapiga ngoma. Tafuta video, ngoma zile zikianza pamoja ndipo utajua kwa nini wimbo wenye maneno mabaya kuliko yote ndio watu wanaoupenda kuliko yote.

#33 Koleo Jekundu
Hilo nalo ni tatizo. Ukumbi mzima unaitikia kwa furaha mtu akitaja alivyowaua wanawe. Nami naitikia. Sijui tunafanya nini pale.

#34 Wakili wa Mtaani
Narudi kwenye shauri. Nimesikiliza tena wimbo wa mwisho. William anajiita mtoto wa msitu na Margaret anamwita binti wa mto. Hiki ni kitu kipya, hakijatajwa popote kabla. Kama Margaret ni wa mto, basi mto haukuchukua deni, umemrudisha mtoto wake nyumbani na mkwe juu. Malkia kapoteza mtoto, mto kapata wawili. Huenda tulikuwa tunamshtaki mzazi asiye sahihi.

#35 Mama Wanne
Wakili umebadilisha upande bila hata kutoa taarifa.

#36 Wakili wa Mtaani
Sijabadilisha. Nimeongeza mshtakiwa.

#37 Glasgow Kijiweni
Mstari huo unasomeka pia kama sifa tu, mtu anambembeleza mpenzi wake wakiwa wanakufa. Wanaoana palepale, mawimbi ndiyo mashahidi, wanasema hatari za mapenzi hazitawasumbua tena. Hebu sikilizeni muziki wenyewe: gitaa lote zito limeondoka, kabaki mtu mmoja na gitaa la kuteleza, taratibu, kama wimbo wa kantri wa jioni. Kama ingekuwa adhabu, wangeipiga kwa lile gitaa la Malkia. Mimi sasa naegemea kwamba hawakuzamishwa na mtu. Wamekubali.

#38 Mvuvi wa Pangani
Hakuna anayekubali maji. Nimeshaona mtu akitolewa. Hata aliyeingia kwa makusudi, mikono ilikuwa imekwaruzika.

#39 Muuguzi wa Zamu
Kweli kabisa. Ila kwenye wimbo anafumba macho na kumbusu. Mtunzi hajawahi kukaa zamu ya wodi yangu.

#40 Mchana Kweupe
Au anajua, na ndiyo maana akatudanganya kwa sauti nzuri.

#41 Dodoma Kavu
Mimi bado niko na farasi. Kavuka naye kwenda. Kurudi wana tundu na mawe. Farasi wa William yuko wapi? Na yule wa Margaret wa wimbo wa kwanza? Mpaka sasa ni farasi wawili hawajulikani walipo.

#42 Wakili wa Mtaani
@Dodoma Kavu fungua uzi wake, hapo kuna kesi ya wizi wa mifugo.